Picha elfu nane kwenye simu, ya kushika mkononi hata moja

Fungua galari ya simu yako uangalie ina picha ngapi. Elfu tatu? Elfu nane? Sasa toa skrinishoti za M-Pesa, toa memu, toa picha za ubao ulizopiga ukiwa umeketi nyuma ya darasa, na zile selfi kumi na tano za pozi moja ambazo ulipanga kuchagua iliyo bora ukasahau. Zilizobaki ndizo tunazozizungumzia leo. Nyanya akicheka jikoni. Mbogi yenu siku ya kumaliza kidato cha nne. Mtoto wa dadako akiwa na wiki moja duniani. Kati ya hizo, ni ngapi unazoweza kuzishika mkononi?

Tunauliza kwa sababu ubishi unaovuma sasa kati ya vijana wanaopenda kamera ni mwingine kabisa. Ni ubishi wa filamu na dijitali. Kamera za mkanda ambazo wazazi wetu walizifungia kabatini zimerudi mtaani. Ukienda shoo, ukienda harusi ya rafiki, ukipanda Ngong Hills Jumamosi, hukosi msee mmoja aliyening'iniza shingoni kamera iliyomzidi umri, anazungusha lenzi polepole huku wenzake wote wameinua simu. Watengenezaji nao wamenusa pesa. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ya Japani ilitoa Pentax 17, kamera mpya ya filamu, miaka mingi baada ya watu kutangaza kwamba biashara hiyo imezikwa.

Wa filamu wanasema picha za simu hazina roho. Wa simu wanajibu: hiyo roho utanilipia wewe? Na jibu hilo lina uzito, kwa sababu mkanda mmoja wa rangi wa picha 36 hula zaidi ya shilingi elfu moja kabla hujamlipa wa kuusafisha. Simu iko mfukoni tayari.

Tuwape wa filamu haki yao. Picha 36 ni picha 36. Hakuna kufuta, hakuna kuchungulia nyuma ya kamera kuona kama mtu amefumba macho. Unasubiri wingu lipite, unamwomba mtu asogee karibu na dirisha, unashusha pumzi, unabonyeza mara moja. Kijana aliyezoea kupiga mara arubaini na kuchagua baadaye hulazimika kujifunza kutazama kwanza. Tumewaona watu wakibadilika kwa mikanda miwili mitatu tu, na hata wakirudi kwa simu picha zao huwa zimetulia.

Lakini hapo ndipo wengi wao wanapotuangusha. Fuata mkanda wao uone unaishia wapi. Unapelekwa kwa fundi, unasafishwa, unaskaniwa, linki inatumwa kwa WhatsApp, picha nne zinawekwa Instagram na maneno machache kuhusu uzuri wa kupiga polepole. Basi. Muulize negativu ziko wapi, atakwambia hajaenda kuzichukua. Muulize amechapisha ngapi kwenye karatasi, atakuangalia kana kwamba umemuuliza habari za telegramu. Kwa hivyo gharama yote ile na subira yote ile, na bado picha imeishia kwenye kioo kile kile cha simu, ikipita chini ya kidole kwa nusu sekunde kati ya tangazo la viatu na video ya mtu anayekaanga mayai. Huo ni udijitali uliozunguka njia ndefu.

Ndiyo maana tunaona ubishi wenyewe umekaa mahali pasipofaa. Ukipiga kwa filamu au kwa simu, shauri yako na mfuko wako. Sisi tunataka kujua kama picha ilifika kwenye karatasi.

Zamani swali hili halikuwepo. Hukuwa na njia nyingine ya kuiona picha yako vizuri ila kuichapisha. Negativu ilikuwa nusu ya kazi: utepe mwembamba ambao nyeusi ni nyeupe na nyeupe ni nyeusi, na hata mama yako mzazi angeweza kukupita bila kukutambua. Nusu ya pili ilifanyika katika chumba cha giza. Kama hujawahi kuingia humo, tafuta mtu akuingize, ni jambo la kuona mara moja maishani. Mwanga unapita kwenye negativu, unapita kwenye lenzi ya mashine ya kukuzia, unaangukia karatasi iliyopakwa chembechembe za madini ya fedha. Sekunde kadhaa, taa inazimwa. Karatasi bado ni nyeupe. Unaitumbukiza kwenye dawa chini ya taa nyekundu, unatikisa trei taratibu, na kabla ya dakika kuisha nyusi zinaanza kujitokeza, kisha macho, kisha kola ya shati. Halafu inahamishiwa dawa ya kuisimamisha, kisha dawa ya kuikaza ili mwanga usiile tena, kisha maji mengi. Siku hizi mashine za studio zinafanya mengi ya hayo peke yake, na printa za wino hazihitaji giza lolote.

Kinachochekesha ni kwamba kamera ya kwanza ya dijitali iliyobebeka ilizaliwa ndani ya nyumba ya filamu yenyewe. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda chombo kilichonasa picha ya vitone 10,000 tu na kuchukua sekunde 23 kuihifadhi kwenye kaseti. Simu ya kawaida leo hunasa vitone milioni 12 na zaidi kabla hujapepesa. Januari 2012 Kodak ikaenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi. Watu huisimulia hadithi hii kama ya kampuni iliyolala usingizi, na ni kweli kiasi. Ila sisi msomaji wa kawaida tulipoteza kitu kingine hapo katikati. Tulipoteza ile safari ya lazima ya kwenda kuchukua picha. Dijitali haikukataza mtu kuchapisha, iliondoa tu ulazima, na sote tunajua jambo lisilo la lazima huishia wapi.

Sasa sikiliza kisa cha Priya Ramrakha. Alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akapiga picha wakati wa Hali ya Hatari na safari ya kuelekea uhuru, akasomea Marekani, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuifanyia kazi jarida la Life. Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi akiripoti vita vya Biafra kule Nigeria, akiwa na miaka 33 tu. Jina lake likafifia. Miongo mingi baadaye jamaa yake, mtengenezaji filamu Shravan Vidyarthi, alikuta kazi zake zimerundikwa katika gereji hapa hapa Nairobi. Kutokana na lile rundo kulitoka maonyesho, na mwaka 2018 kitabu kizima. Tunaziona sura za wazee wetu wa wakati ule kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuokota.

Jaribu kisa hicho hicho kwa vifaa vyako. Simu yako inaachwa kwenye gereji mwaka huu. Mtu anaipata miaka arubaini baadaye. Betri imevimba na kupasuka. Chaja ya aina ile haiuzwi tena. Hata ikiwaka, inadai nywila, na aliyeijua nywila hayupo. Negativu haidai kitu. Unaishika, unaielekeza dirishani, unaona kuna mtu amesimama.

Utasema picha zako ziko salama mtandaoni. Jo, salama kwa nani? Tangu Juni 2021 Google iliacha kutunza picha bila kikomo bure. Ukijaza gigabaiti 15 unalipa au unaanza kufuta. Tena ina sheria kwamba akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Mwaka 2019 MySpace, uliokuwa mtandao mkubwa wa vijana wa wakati wake, ulikiri kwamba nyimbo, video na picha zilizokuwa zimepakiwa miaka ya mwanzo zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Hao vijana nao walidhani ziko salama. Na Vint Cerf, mmoja wa waasisi wa intaneti yenyewe, alionya mwaka 2015 kwamba picha unayoipenda kweli uichapishe. Fundi aliyejenga nyumba akikwambia usilaze mtoto chumba fulani, utabisha?

Hayo ni ya mbali. Ya karibu unayajua. Simu inanyakuliwa ukiwa kwenye dirisha la matatu, sekunde mbili, na hujui ulikuwa umehifadhi nini wapi. Unanunua nyingine, unaendelea na maisha, na mwaka mzima wa picha umeenda na mwendesha pikipiki.

Halafu kuna lile jambo ambalo hatupendi kulizungumzia vijana, lakini wacha tuseme. Umeshawahi kuwa kwenye kamati ya mazishi? Siku ya pili au ya tatu, baada ya hesabu ya jeneza na gari, mtu huuliza: nani ana picha nzuri ya marehemu ya kuweka mbele ya programu? Kunakuwa kimya. Kila mtu anatoa simu na kuanza kupekua. Binamu anaipata moja kwenye kundi la WhatsApp, imetumwa na kutumwa tena hadi uso umekuwa miraba miraba. Mwingine ana ya harusi, lakini marehemu yuko mstari wa nyuma. Mwishowe wanakubaliana na picha ya kitambulisho, ile ambayo hakuna binadamu anayependeza ndani yake, au wanamkata kutoka picha ya kundi. Ukichunguza programu nyingi utaona bega la mtu mwingine limebaki pembeni, au vidole vinne vya rafiki vimeshika mkono wa marehemu. Mtu aliyepigwa picha elfu moja maishani anazikwa na picha moja mbovu, kwa sababu zile nzuri ziko ndani ya simu yake, na simu imefungwa.

Babu zetu hawakuwa na tatizo hilo, na hawakuwa matajiri kutuzidi. Walikwenda studio. Mtu angetoa shati zuri, angeazima saa kama hana, angesimama mbele ya pazia lililochorwa. Kule Lamu, Omar Said Bakor aliyejifundisha mwenyewe alijulikana kwa kuunganisha picha, akiwaweka wateja wake ndani ya mandhari na mapambo ambayo kamera peke yake isingeyaona, wakati neno fotoshopu halijasikika popote. Karibu na feri ya Likoni wapiga picha walijenga vibanda vya rangi na maua, abiria akishuka anapigwa, anarudi baadaye kuchukua yake aipeleke nyumbani bara ikaonyeshwe. Ile karatasi ilikuwa barua. Ilisema nimefika, ninakula, mniombee. Ndiyo hizo zilizoko ukutani kwa nyanya hadi leo, juu karibu na dari, zimeinama kidogo kama zinawachunguza wageni.

Na si mambo ya familia peke yake. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, mpiga picha Boniface Mwangi aliyekuwa amezipiga akiwa kazini gazetini alianzisha Picha Mtaani mwaka 2009. Picha zilichapishwa kubwa, zikasimamishwa barabarani, zikazungushwa miji mbalimbali ili aliyefanya na aliyefanyiwa wazitazame mahali pamoja. Picha kwenye simu unaweza kuitelezesha juu ukaendelea na mengine. Picha iliyosimama mbele yako Kenyatta Avenue ukielekea stejini inakulazimu kuizunguka.

Sasa fikiria Juni 25, 2024. Vijana waliingia barabarani na hadi Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, wengine hawakurudi nyumbani. Hakuna maandamano ya nchi hii yaliyopigwa picha na wananchi wenyewe kwa wingi ule. Picha hizo ziko wapi? Kwenye akaunti za TikTok ambazo zinaweza kufungwa, kwenye stori zilizotoweka baada ya saa 24, kwenye simu ambazo tayari zimeuzwa, zimeanguka, zimeibwa. Kama ulikuwa pale na una picha moja tu unayoamini inasema ukweli wa siku ile, ichapishe. Chapisha mbili, moja iishi kwenu, nyingine kwa mtu mnayeaminiana. Mwaka 2064 kuna mtu atakuwa anatafuta, na hatajua jina lako la Instagram lilikuwa nani.

Kuna watakaosema tunaitukuza karatasi mno. Karatasi nayo haijui kuogelea. Waulize waliofurika Mathare mwaka 2024 albamu zao ziliishia wapi. Moto unaichoma, mchwa wanaila, na huku Pwani unyevu huotesha ukungu hata kwenye negativu. Picha nyingi za rangi za miaka ya sabini na themanini zimegeuka nyekundu kama zimepigwa na vumbi la Tsavo. Kwa hiyo hatusemi ufute za simu. Dijitali inaweza kunakiliwa mara mia bila kuchoka, hilo filamu hailiwezi. Kaa na zote mbili, maana maji yakichukua albamu nakala iko mtandaoni, na akaunti ikifungwa albamu iko rafuni.

Wala tusidanganyane kwamba filamu ilikuwa na macho safi. Kwa miaka mingi mafundi wa maabara walipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, ambazo zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine imekaa sawa. Ngozi zetu zilitoka zilivyotoka. Tazama picha za darasa za zamani: meno na kola zinaonekana, nyuso zimezama. Hadi leo ukipeleka picha kuchapishwa na fundi akaiacha mashine ijiamulie, unaweza kurudishiwa uso usio wako, mweusi tititi au mwekundu. Usichukue. Mwambie arekebishe achape upya, ni kazi yake na anaiweza. Na wewe mwenyewe kabla ya kwenda, ongeza mwangaza wa picha kidogo, maana kioo cha simu kinawaka na karatasi haiwaki. Iliyopendeza usiku kitandani hutoka ya giza.

Tunachopendekeza hakihitaji kamera mpya. Uchukulie mwaka wako kama mkanda mmoja. Kila Desemba chagua picha 36 kutoka simu nzima, si 37. Utaona ilivyo ngumu, na utaona zile za chakula zinavyoanguka zenyewe. Picha ya kawaida ya inchi nne kwa sita inahitaji pikseli 1,200 kwa 1,800, yaani karibu simu yoyote uliyonayo inatosha. Kinachoharibu ni njia ya kuipeleka. Ukimtumia fundi kwa WhatsApp kawaida, inabanwa. Itume kama dokumenti au ibebe kwenye flashi. Uliza karatasi isiyong'aa kama itashikwashikwa, maana ya kung'aa hubeba alama za vidole. Pale Uhuru Park na kwingine mjini bado kuna wapiga picha wenye printa ndogo wanaokuchapia ukiwa umesimama. Wape kazi, hao ndio waliobaki wakijua kwamba mteja hajahudumiwa hadi aondoke na kitu.

Usizilamineti, tafadhali. Tunajua Mkenya akipenda karatasi anailamineti, lakini ile plastiki haitoki tena, na unyevu ukishaingia pembeni umekwisha. Epuka pia zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zinang'ang'ania picha hadi kuitoa ni kuichana. Weka kwenye albamu ya mifuko au bahasha safi, mbali na jua la dirishani. Kama keja yako ni ya chumba kimoja, sanduku la viatu juu ya kabati linatosha.

Kisha geuza kila moja uandike nyuma kwa penseli laini, bila kukandamiza, kwa sababu wino wa kalamu huvuja na hupita upande wa pili. Andika mahali, tarehe, na majina yote kuanzia kushoto. Majina kamili. "Mimi na Shiko" haitoshi. Wajukuu watauliza Shiko yupi, na kwenye hiyo picha mko Shiko watatu.